Wadhamini Watatu, Simu Moja

Kona yetu ina benchi moja tu, na hilo benchi si benchi. Ni kiti cha nyuma cha basi dogo lililokufa zamani, kimeegemezwa kwenye ukuta wa duka langu la kuchapa na kutoa kopi, sponji limechungulia nje kila upande. Juu yake hukaa wanaume watatu ambao hawajawahi kukosa la kusema. Wa kwanza ni Wakili, ambaye ni kinyozi. Jina alilipata kwa kumtetea hata asiyeshtakiwa. Wa pili ni mzee Katibu, karani mstaafu, anayesema "hoja" pale ambapo mtu mwingine angesema "eti". Wa tatu ni Gia Tano, dereva wa teksi ambayo gia ya tano inaisikia kwa jirani. Mbele yao husimama Mjomba na birika lake la kahawa. Kwa damu Mjomba ni mjomba wa mtu mmoja tu, binti anayeitwa Plagi kwa sababu huwaka upesi, lakini kona nzima imejitwalia undugu huo bila kuuliza ukoo. Mimi wananiita Msomi. Hawanisifu.

Asubuhi hiyo Plagi alikuja na cheti chake cha chuo cha ufundi ndani ya mfuko wa plastiki, akauweka juu ya meza yangu ya mlangoni kama anayekabidhi mtoto. Ng'ambo ya barabara, gereji yenye geti la buluu ilikuwa imebandika tangazo: anatakiwa fundi msaidizi, anayeanza kazi anakaribishwa, alete barua, sivii na wadhamini watatu, mwisho leo mchana. Gereji nyingine tatu zilishamkataa. Katika moja walimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakachungulia nyuma yake wamwone huyo kaka anayemwombea kazi. Na mama yake alishatuma neno: Jumamosi ikifika bila kazi, arudi nyumbani akashone mapazia na shangazi yake.

— Mapazia, dada! Shangazi mwenyewe akiniona na sindano anaita majirani.

— Keti, nikamwambia. Jina kamili?

— Subiri kwanza, akasema mzee Katibu kutoka kwenye benchi. Jina haliji mwanzo. Mwanzo ni kumbukumbu namba.

— Namba gani, mzee?

— Yoyote. Ila iwe na mkwaju katikati, ule mstari wa mshazari. Barua isiyo na mkwaju ni salamu tu.

— Hii ni gereji, mzee Katibu, si wizara.

— Ndiyo maana watashtuka.

Wakili akashusha kikombe. Mtu akishusha kikombe pale kwetu, ujue hotuba inapanda.

— Hoja si mkwaju. Hoja ni uzoefu. Tuandike miaka kumi.

— Nina miaka ishirini na miwili, baba, akasema Plagi.

— Basi ulianza na kumi na miwili. Samaki mkunje angali mbichi.

— Nikiwa na kumi na miwili nilikuwa nalea wadogo zangu.

— Wangapi?

— Watatu.

— Andika, Msomi: "Aliongoza timu ya watu watatu."

Sikuandika. Gia Tano akajisogeza mpaka chuma cha kiti kikalia.

— Nyinyi hamwajui mafundi. Mimi nimelala gereji siku nyingi kuliko kwangu, mke wangu shahidi. Fundi hasomi. Fundi ananusa. Hiyo karatasi ipakwe grisi pembeni, alama ya dole gumba moja tu. Bosi akiishika, moyo unamwambia: huyu ni wetu.

— Na printa yangu?

— Baada ya kuchapa, dada. Kwani mimi mshamba?

— Tena, akaendelea Gia Tano, maneno yawe machache, kama watu wanavyouza gari. "Haijawahi kugongwa. Haili mafuta. Asubuhi inawaka mara moja."

— Mmiliki mmoja, akaongeza Wakili.

— Mmiliki nani? akauliza Plagi, na sauti yake ikaonyesha jina lake lilikotoka.

— Limefutwa, limefutwa, akasema Wakili. Twende kwenye elimu. Chini ya cheti cha chuo tuweke: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu."

— Hilo ni tusi kwa mama yangu!

— Ni cheti cha ulimwengu, mwanangu! Wangapi wanacho?

Mjomba akakohoa.

— Andikeni kwamba hali sana.

Tukamgeukia wote.

— Waajiri hupenda hivyo, akasema, akamimina kahawa nje ya kikombe cha mzee Katibu kwa mara ya pili. Mjomba humimina kahawa huku akiangalia upande mwingine, na kabla ya siku hiyo sikuwahi kumwona akikosa kikombe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliyekuwa anaiogopa Jumamosi si Plagi peke yake.

— Ninachojua mimi, akasema Wakili kwa sauti ya chini, ya mtu anayetoa siri ya serikali, siku hizi kuna mashine. Karatasi inaingizwa huku, mashine inaisoma. Isipokuta neno "mbunifu" inaitema.

— Wakili, geti la gereji ile linafungwa kwa jiwe, nikasema.

— Hilo jiwe ni la kuficha mashine.

— Basi "mbunifu" liwemo, akaamua mzee Katibu. Na pia: "Nina uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo."

Sentensi hiyo nimewachapia walinzi, wauguzi, wapishi, hata mtu mmoja aliyeomba kazi ya kulala ghalani. Sijawahi kukutana na aliyeisema kwa kinywa chake. Nikaondoa mikono kwenye kompyuta.

— Sasa mnyamaze. Wote. Plagi, niambie unachoweza kufanya peke yako, mtu akikuachia gari akaenda zake.

Akafikiri. Benchi likapumua kwa shida.

— Kubadilisha oili na filta. Breki pedi. Plagi. Kufungua tairi, kuziba pancha. Kubadilisha betri. Kusafisha ili kesho mtu akute spana mahali pake.

— Na usichokiweza?

— Umeme wa gari bado. Gia boksi, nimeshika kopo la boliti tu wakati wengine wanafungua.

Nikachapa vyote viwili. Wakili akainuka, akaja kusoma begani kwangu, akarudi ameshika kichwa.

— Anaandika asichokijua! Jamani, hii sivii au mashitaka?

— Mazoezi uliyafanyia wapi? nikauliza.

— Gereji ya chuo. Halafu, tangu nihitimu, kwenye teksi ya baba Gia Tano.

Gia Tano akashikwa na kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

— Hapo, dada, andika "teksi" tu. Ile habari ya tairi isiguswe.

— Habari gani ya tairi?

Wanaume watatu wakaanza kuangalia mawingu. Mimi siku hiyo ya tairi, kumbe, nilikuwa nimekwenda kununua wino.

— Hoja hiyo ilifungwa, akasema mzee Katibu.

— Mficha uchi hazai, akasema Wakili. Kwa hiyo tufiche.

— Mimi niko tayari kuisema, akasema Plagi.

— Husemi! Mjomba alifoka mpaka mfuniko wa birika ukacheza. Husemi, mama. Wakiijua hiyo, hakuna gereji itakayokupa hata ufagio. Nimemaliza.

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Nikaliacha.

Ikabaki karatasi moja, ya kweli, fupi kama jibu la mtu mwenye haraka. Benchi likaitazama kama maiti. Sharti lao likawa moja tu: wadhamini wawe wao.

— Mdhamini awe mtu wa karibu, akasema Wakili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Waliomba vyeo. Gia Tano alitaka "Mkurugenzi wa Usafiri". Niliandika dereva wa teksi, kinyozi, karani mstaafu. Wakanuna, wakanitajia namba za simu, mmoja baada ya mwingine. Nikachapa ya kwanza. Nikachapa ya pili. Ya tatu vidole vyangu viliichapa vyenyewe, vilishaizoea.

— Ngojeni. Hii ni namba ileile. Hii ni simu ya Mjomba.

Nilipaswa kulijua. Pale kwetu hakuna anayetumia simu yake. Ya Gia Tano haikai na chaji, ya mzee Katibu inakaa na mkewe, na Wakili hubadilisha namba kama wembe. Anayewatafuta humpigia Mjomba, na Mjomba hupaza sauti: "Wewe! Simu yako!" Hivyo ndivyo harusi zinavyotangazwa, hivyo ndivyo misiba inavyofika.

— Hiyo ni namba ya ofisi, akasema mzee Katibu, bila hata kupepesa macho. Ofisi huwa na namba moja na watumishi wengi.

— Wataona, mzee.

— Nani husoma namba mpaka mwisho?

Nilitaka kubishana, lakini jua lilishafika juu ya bati, na Plagi alikuwa tayari amesimama. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuweka. Nikachapa, nikatia kwenye bahasha, akavuka barabara. Tulimwona akiongea na mlinzi, tukaona bahasha ikiingia getini, tukamwona anarudi mikono mitupu.

— Wamesema watapiga kwa wadhamini leo hii hii.

— Unaona? akasema Wakili. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tumejitembeza vizuri sana.

Plagi akaingia dukani, akakaa nyuma ya printa, akageuzia mgongo mlango. Simu ya Mjomba ikawekwa juu ya sinia, katikati ya vikombe. Hakuna aliyekunywa.

Ikalia.

Simu hiyo ni ya zamani na haijui siri. Mtu akiongea kule, kona nzima inashiriki. Mjomba akaipokea kwa mikono miwili. Sauti ya mwanamume, nyuma yake mashine ya upepo wa tairi ikinguruma, ikajitambulisha kuwa ni msimamizi wa gereji, ikaomba kuongea na kinyozi.

— Ofisi ya Wakili, karibu, akasema Wakili.

— Mimi nimeandikiwa kinyozi.

— Na kinyozi pia.

— Unamfahamu huyu binti?

— Namfahamu? Ndugu yangu, huyu mtoto alizaliwa na spana mkononi.

— Namba ngapi?

Wakili akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukuta.

— Kubwa, akasema.

— Asante. Akakata.

Simu ikalia tena kabla haijapoa. Safari hii Mjomba akaibana sauti mpaka ikawa nyembamba kama ya mtoto wa kwaya:

— Halo? Karani? Subiri nimwite, yuko kikaoni.

Akahesabu pumzi kidogo, akamkabidhi mzee Katibu aliyekuwa amegusana naye magoti. Mzee akasafisha koo.

— Tafadhali rejea mazungumzo yako ya awali na ofisi hii...

— Mazungumzo gani, mzee? Mimi na wewe ndiyo kwanza tunaongea.

Mzee Katibu akaitua simu kwenye sinia taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka, nayo ikawa bado iko hewani.

— Sasa, ikasema sinia, nilitaka nimpigie dereva wa teksi. Lakini naona namba ni ileile. Nyinyi wote mko ofisi moja?

Mjomba akafumba macho.

— Ndiyo, mkuu.

— Ofisi gani?

— Benchi.

Kule zikasikika hatua mbili tatu. Mashine bado ikinguruma.

— Nawaona, ikasema sauti. Nimesimama dirishani. Huyo mwenye kofia ndiye karani?

Mzee Katibu akavua kofia. Tukatazama ng'ambo wote kwa pamoja, na kweli, juu ya geti la buluu, dirishani, palikuwa na mtu mwenye ovaroli, simu sikioni. Nikasikia kiti kikisogea dukani. Plagi alikuwa amesimama mlangoni, uso umesawijika. Niliona Jumamosi imefika, mapazia na vyote.

— Sitawachosha, akasema yule mtu. Sivii nimeisoma, ni ya kwanza wiki hii isiyosema "mbunifu". Nina swali moja, ajibu yeyote. Huyu binti akiharibu kitu cha mtu, anasema au anaficha?

Nimeishi na kijiwe hiki miaka, nikiomba siku moja kinyamaze. Nilipokipata hicho kimya sikukipenda. Wakili alitafuta methali mifukoni mwote, zote zilikuwa zimekwisha. Mzee Katibu aliishika kofia tumboni kama mtu aliye kanisani. Kusema "anasema" kulihitaji mfano, na mfano ulikuwa mmoja tu, ule wa tairi, uliofungwa. Mjomba alimtazama Gia Tano, akatikisa kichwa: usithubutu.

— Halo? ikasema sinia.

Gia Tano akaichukua simu. Akaigeuzageuza, akaiweka mbele ya mdomo kama redio ya polisi.

— Mimi ndiye dereva. Nitakwambia jambo, halafu wewe ufanye utakalo.

— Mzee! Mjomba akasema.

— Niache. Bwana mkubwa, huyu mtoto alinibadilishia breki pedi, tairi la mbele kushoto. Akarudisha tairi, akaweka nati kwa mkono, akashusha jeki. Kabla hajazikaza, mjomba wake akamwita amshikie birika. Akaenda. Na mimi, abiria akaja, nikaondoka zangu.

— Nilimwita mimi, akasema Mjomba. Aliisema polepole, akiliambia birika. Alikuwa na spana mkononi, nikamwita mimi.

— Wewe subiri, hujaulizwa. Bwana mkubwa, watu huku wananicheka kwamba naendesha polepole. Siku hiyo alinikimbilia kwa miguu, akanipata. Akasimama mbele ya gari, mikono hivi. Nyuma nina abiria wangu wa siku zote, mama mmoja mwenye heshima zake. Na huyu mtoto angeweza kusema "baba, nasikia tairi linagonga", angeweza kusema "nati zimelegea". Alisema: "Baba, zima gari. Nati za tairi hili sikuzikaza. Ni mimi." Mbele ya abiria! Yule mama alishuka hapohapo. Mpaka leo akiniona ananyoosha mkono kwa teksi iliyo nyuma yangu.

— Ukafanya nini?

— Nikamnunia. Nilimnunia sana. Halafu nikalala, nikaamka nikiwa na miguu yote miwili, nikawaza, kununa kwenyewe kwa nini? Tangu hapo akikaza nati anatia alama ya chaki, moja moja. Isiyo na alama haijakazwa. Hata nikisimama kununua nyanya, anapita anainama kuangalia.

— Na gari lako bado unampa?

— Jana kanibadilishia oili. Gari ndilo hilo unaliona, na mimi ndiye huyu nimesimama.

Kweli alikuwa amesimama, sikuona alipoinuka. Ng'ambo, yule mtu wa dirishani hakusogea. Mashine ya upepo ikazimika. Plagi alikuwa ameushika mlango wangu kwa mikono yote miwili.

— Chaki ya rangi gani? ikauliza sauti.

Gia Tano akageuka nyuma.

— Rangi gani, mama?

— Nyeupe, akasema Plagi.

— Nyeupe, bwana mkubwa.

— Nyeupe kwenye nati mpya haionekani vizuri. Mwambie aje na ya njano. Kesho asubuhi, viatu vya kufunga, nywele zifungwe. Ataanza kwa kufagia na kushika jeki, mwezi wa majaribio. Na yule wakili mwambie spana kubwa si namba.

Akakata. Dirishani hakukuwa na mtu tena.

Sijui nani alianza. Nakumbuka mzee Katibu akimpungia kofia dirisha tupu. Nakumbuka Wakili akimkumbatia Gia Tano na kumwambia yeye tangu mwanzo alisema ile habari itajwe. Hakuna aliyembishia, siku nyingine ningembishia mimi. Mjomba alikaa. Mtu ambaye sijawahi kumwona amekaa alijitupa kwenye sponji katikati ya wazee wawili, akamvuta Plagi kwa mkono wa gauni.

— Sikuiti tena, mama. Ukiwa na spana mkononi, hata nyumba ikiungua, sikuiti.

— Nyumba ikiungua uniite, mjomba.

Mjomba akacheka, na kicheko kikamgeuka njiani, akajifuta uso kwa kitambaa cha vikombe.

— Kahawa! akaagiza Wakili. Leo kila mtu kikombe kizima, kwa niaba ya wadhamini!

Mjomba akainuka, akainamisha birika. Tone moja. Akainamisha zaidi. Kahawa yote ya siku hiyo ilikuwa chini, miguuni pa mzee Katibu, alipokuwa anaimwaga tangu asubuhi.

— Imeisha, akasema, kwa furaha ambayo muuza kahawa hapaswi kuwa nayo.

Mimi nilikuwa nimeshaingia dukani. Chaki huwa nauza, za walimu, zimekaa rafu ya chini nyuma ya gundi. Nikapata boksi la njano, nikalipuliza vumbi, nikalileta nje. Plagi hakulisubiri liguse meza. Akachomoa kipande kimoja, akavuka mpaka kwenye teksi, akapiga magoti mbele, upande wa kushoto, akazikagua nati moja moja kabla ya kuzitia alama.

Abiria alikuwa amekuja, anaulizia teksi ni ya nani. Gia Tano akamfungulia mlango, akamwomba avumilie kidogo. Wakasubiri wote wawili, mpaka nati ya mwisho ikawa ya njano.